Asali Ileile

Dada yangu mkubwa alitoka kwenye semina ya afya mjini Kitale akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya Biblia yake. Alipofika nyumbani kwake Kiminini hakuvua hata viatu. Alipitiliza jikoni, akaibandika ukutani pale ilipokuwa ikining'inia kalenda ya mbegu za mahindi, na kuanzia jioni hiyo nyumba ikapata sheria mpya.

Karatasi ilikuwa na safu mbili. Kushoto, kwa wino wa kijani: wimbi, mtama, viazi vitamu, maharagwe, mboga za kienyeji, parachichi, ndizi mbivu, samaki, asali. Kulia, kwa wino mwekundu: sukari, soda, mkate mweupe, mchele mweupe, ugali wa unga mweupe, mafuta ya kupikia, chapati, mandazi, nyama nyekundu. Juu ya safu ya kwanza paliandikwa AFYA, na juu ya ya pili, SUMU.

Dada ni mtu mwenye akili na huruma, na ninataka hilo lieleweke kabla sijaendelea. Mama yetu ana sukari na anaishi kwake. Baba tulimzika baada ya presha kumpasua mshipa kichwani. Mtu aliyepitia hayo anapopewa karatasi inayosema hiki kula, hiki tupa, ataishika kwa mikono miwili.

Kabati lilisafishwa usiku huohuo. Sukari ikagawiwa vibarua waliokuwa wakituvunia mahindi, na kopo lake likajazwa mbegu za maboga. Mafuta yakaenda kwa jirani. Unga wa pakiti nao ukatolewa, na hapo ndipo Mama, aliyekuwa ametulia muda wote kwenye kigoda chake, aliposema.

"Na mahindi pia ni sumu?"

"Unga mweupe, Mama. Umeondolewa kila kitu."

"Mwanangu, mahindi ndiyo yaliyokulipia karo mpaka ukamaliza chuo."

Dada hakujibu. Lakini swali la Mama lilikuwa zito kuliko alivyodhani, hasa likiulizwa Trans Nzoia. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mwaka 1964 ikatoka hapohapo mbegu chotara ya H611, iliyopatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na aina iliyoletwa kutoka Ecuador. Wazee wetu wa Kibukusu walikuwa wakila busuma, yaani ugali, ya wimbi na mtama; watoto wao wakalelewa kwa mahindi. Leo wimbi limerudi mezani kama dawa, na mahindi yanatazamwa kama mkosaji.

Ukilitazama suala lenyewe kwa utulivu, kila unga una lake. Unga wa posho hubaki na ganda na kiini cha punje, hivyo una nyuzi nyingi zaidi. Unga wa pakiti umepoteza hayo, ila tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inamtaka msagaji aurutubishe kwa vitamini na madini, yakiwemo madini ya chuma na foliki asidi, ambayo mama mjamzito anayahitaji sana. Na mahindi ya nyumbani, yasiyopitia kiwandani wala kuongezwa chochote, yakianikwa vibaya huota kuvu yenye sumukuvu ya aflatoksini. Mwaka 2004 kule Ukambani watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo na 125 wakafa. Yalikuwa mahindi ya asili kabisa, ya shambani kwao wenyewe. Kwa hiyo ukiniuliza kama mahindi ni mazuri au mabaya, nitakuuliza kwanza yalikaushwa vipi, yalihifadhiwa wapi, na nani anayala.

Shemeji yangu hakubishana. Alianza tu kuchelewa kurudi, na mashati yake yakaanza kunukia chipsi.

Mtoto mdogo ndiye asiyekuwa na pa kwenda. Alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, na uji wake wa wimbi sasa ulipikwa kwa maji matupu, mwepesi, bila maziwa, bila njugu, bila tone la mafuta. Sagaa na managu alizopewa zilichemshwa tu. Kliniki ilipofika, nesi aliweka nukta mpya kwenye kijitabu cha afya ya mama na mtoto, akaiunganisha na za nyuma, na mstari uliokuwa ukipanda ukalala. Alimweleza dada kwamba tumbo la mtoto ni dogo na mwili wake una kazi kubwa, hivyo kila kijiko lazima kibebe nguvu ya kutosha. Akaagiza uji uwe mzito, utiwe maziwa na njugu zilizosagwa, mboga ikaangwe kwa mafuta kidogo. Dada akasema mafuta yako kwenye safu nyekundu. Nesi akamwambia kwamba vitamini A iliyomo kwenye mboga hizo huhitaji mafuta ili mwili uichukue. Bila mafuta, sehemu kubwa inapita tu. Mafuta yakarudi nyumbani, lakini kwa ajili ya mtoto peke yake. Karatasi ikabaki ukutani.

Yaliyompata Mama yalianza na asali.

Ilikuwa asali nzuri ya Mlima Elgon, nyeusi, nzito, yenye harufu ya moshi wa mzinga. Dada aliinunua sokoni Kitale kwenye chupa kubwa, na kwa kuwa iliandikwa kwa wino wa kijani, haikupimwa. Mama alikuwa amenyimwa utamu kwa muda mrefu, sasa akaruhusiwa. Asubuhi aliimimina kwenye uji, saa kumi akaitia kwenye chai, na usiku akalamba kijiko kabla ya kulala ili koo lisikauke. Hakuna aliyemzuia. Kila mtu alifurahi kumwona anafurahi.

Asali, hata iwe safi namna gani, karibu asilimia 80 ya uzito wake ni sukari. Ina glukosi na fruktosi, vitu vilevile viwili vinavyounda sukari ya dukani, ila kwenye asali vimeshaachana. Kijiko kikubwa kimoja kina sukari inayolingana na vijiko vinne vya chai. Nyuki ameifanyia kazi njema, ina harufu na ladha ambayo sukari ya kiwandani haina, lakini ikishafika kwenye damu ya mtu mwenye kisukari haiulizwi ilitoka mlimani au kiwandani.

Vipimo vya Mama vikapanda. Kliniki wakamuuliza kama anatumia sukari. Dada alijibu kwa moyo mweupe kwamba nyumbani kwake sukari haipo kabisa, kopo lenyewe lina mbegu za maboga. Alikuwa anasema kweli tupu. Mhudumu, akiamini kwamba chakula kimeshadhibitiwa, akaona kilichobaki ni dawa, akaongeza kipimo cha glibenklamaidi. Dawa hiyo huishurutisha kongosho itoe insulini, uwe umekula au hujala.

Dada alirudi Kiminini akiwa na hofu zaidi. Kama sukari ya Mama inapanda na hali tunakula vya kijani tu, basi tukaze kamba. Asali ikapandishwa juu ya kabati. Ugali wa usiku ukafutwa, hata ule wa wimbi. Mama akawa analala kwa bakuli la mboga na nusu parachichi, na kidonge kikubwa zaidi kikifanya kazi tumboni.

Nilikuwa nimelala sebuleni, maana nilikuja kusaidia kuvuna. Yapata saa tisa usiku nilisikia kitu kimeanguka chumbani kwa Mama. Tulimkuta ameketi kitandani, gauni limelowa jasho kana kwamba amenyeshewa, mikono inatetemeka hadi kitanda kinagonga ukuta. Alinitazama akaniita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Kisha akaanza kufoka, yeye ambaye hafoki, akitaka tumfungulie mlango aende shambani. Dada alidhani ni malaria imepanda kichwani, akamwekea kitambaa cha maji baridi. Shemeji akatoka kutafuta bodaboda. Mimi nilifikiri ni mshipa, kama ule wa Baba, na miguu ikaniisha nguvu.

Aliyetuokoa ni jirani wa ng'ambo ya ua, mjane ambaye mumewe aliishi na kisukari miaka mingi. Alisikia kelele, akaja na leso mabegani na kimashine cha mumewe cha kupimia sukari mkononi. Hakuuliza habari. Alimshika Mama kidole, akakichoma, tone la damu likaingia kwenye kijiti. Namba ikaja: 2.3.

"Hii siyo malaria. Sukari imeshuka. Leteni sukari upesi."

"Hakuna sukari," dada alisema.

"Soda basi."

"Hakuna."

"Juisi? Glukosi? Mna mgonjwa wa sukari ndani na hamna sukari?"

Dada alisimama katikati ya jikoni, kopo la mbegu za maboga mkononi. Maduka yote yalikuwa yamefungwa. Nami nikakumbuka juu ya kabati. Jirani alichukua chupa ya asali, akamimina kwenye kikombe, akaizimua kwa maji ya uvuguvugu, akamwegemeza Mama kifuani pake na kuhakikisha anameza kabla hajampa fundo jingine. Alimpa kidogokidogo, akimwita, "Mama, meza. Tena. Meza." Jasho lilikuwa la kwanza kukatika. Baadaye mikono ikatulia. Jirani alipompima tena baada ya robo saa, mashine ilisoma 4.2. Mama alitutazama mmoja mmoja, akauliza kwa nini tumejaa chumbani kwake usiku. Akapewa kipande cha mkate mweupe kutoka nyumbani kwa jirani ili sukari isishuke tena, kisha bodaboda ikafika, tukaenda naye hospitali, kwa sababu dawa ile hukaa mwilini saa nyingi na sukari inaweza kuanguka mara ya pili.

Chupa ileile iliyopandisha vipimo vyake ndiyo iliyomrudisha. Asali haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni kiasi, saa, dawa aliyokuwa amemeza, na kile ambacho hakukila jioni ile. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kwenye karatasi.

Wakati hayo yakitokea, karatasi ilikuwa imeshasafiri. Dada aliipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, nayo ikafika Chwele, kaunti ya Bungoma, nyumbani kwa baba mdogo. Figo za baba mdogo zimechoka. Mara mbili kwa wiki hushuka Bungoma mjini kusafishwa damu kwa mashine. Watu wa nyumbani kwake, kwa upendo uleule wa dada, waliamua wampe vya kijani tu: ndizi mbivu, parachichi, maharagwe, na mrenda uliopikwa na Senge, dada yake Baba, ambaye hakuna anayempita kwa mrenda katika ukoo mzima.

Mama alipopata nafuu alisema anataka kwenda kumwona shemeji yake. Tukapanda matatu, tukapita Kamukuywa na Kimilili, tukafika Chwele mchana. Tulimkuta Senge nyuma ya nyumba akitengeneza munyu. Alikuwa ameshachoma maganda makavu ya maharagwe hadi yakawa majivu mepesi ya kijivu. Aliyaweka kwenye kopo lililotobolewa chini matundu madogo, akayashindilia kwa kiganja, akamimina maji juu polepole. Chini ya kopo maji yalianza kudondoka kwenye sufuria, rangi yake kama chai ya rangi. Akachovya kidole, akaonja, akaongeza maji. Munyu huo ukitiwa kwenye mrenda au kunde, mboga hulainika upesi na kupata ladha ambayo chumvi ya dukani haiwezi kuiga. Nimekula mboga za munyu tangu utoto na ninazipenda kuliko chakula chochote.

Baba mdogo alikuwa amelala. Alisema miguu haina nguvu, na moyo unarukaruka kisha unasimama kidogo kabla ya kuendelea. Siku yake ya mashine ilikuwa kesho yake, hatukungoja. Hospitalini damu ilipopimwa, potasiamu ilikuwa imepanda mno. Figo nzima hutoa potasiamu ya ziada kwa mkojo. Figo zilizochoka huiacha irundikane, na ikizidi huweza kuusimamisha moyo bila onyo.

Baada ya kusafishwa damu, mtaalamu wa lishe alikaa nasi. Alikuwa binti wa huko Bungoma, na hilo lilisaidia, kwa sababu aliuliza swali ambalo mgeni asingeliuliza.

"Mboga mnatia munyu?"

"Bila munyu mrenda utakuwa mrenda?" Senge akajibu.

Binti akatikisa kichwa taratibu, kisha akaeleza. Mmea unapochomwa, vingi huondoka na moshi, lakini potasiamu yake hubaki kwenye majivu, na maji yakipita huichukua. Kwa hiyo munyu ni potasiamu iliyokolea. Ndizi na parachichi vina potasiamu nyingi. Maharagwe pia. Baba mdogo alikuwa akiipata kutoka kila upande wa sahani, na vyote vilikuwa vya kijani. Alichoandikiwa kilitushangaza: wali mweupe, ugali wa unga mweupe, kabeji iliyokatwa na kuchemshwa kwa maji mengi yakamwagwa, yai, na kipande cha nyama au samaki, kwa sababu mashine ikisafisha damu huondoa na protini, na lazima irudishwe. Chumvi na vinywaji akapunguziwa.

Senge alikunja leso yake. "Kwa hiyo mimi nimekuwa nikimpa ndugu yangu sumu?"

"Hapana, Mama. Mrenda wako ni chakula kizuri. Huyu mgonjwa ndiye asiyeuweza sasa."

Tuliporudi Chwele tulikula pamoja jioni. Mama, ambaye figo zake zimepimwa na ziko salama, alikula mrenda wa Senge akaongeza. Baba mdogo alikula wali na kabeji. Meza moja, ndugu wawili wa umri unaokaribiana, na chakula kilichokuwa baraka kwa mmoja kilikuwa hatari kwa mwenzake. Sasa Senge huchota mboga ya baba mdogo kabla hajatia munyu, tena mboga yenyewe ni ile aliyoruhusiwa.

Sidai kwamba kila kitu ni sawa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na iliyo kwenye asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima. Chupa moja ya nusu lita ya kola inamaliza fungu hilo lote. Anayekunywa soda kila siku ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi. Nchini Chile, tangu mwaka 2016, pakiti za vyakula hubandikwa alama nyeusi zenye pembe nane zinazosema kuna sukari nyingi, au chumvi nyingi, au mafuta mengi. Ninaipenda njia hiyo kwa sababu inanieleza kilichomo kisha inaniachia nimtazame anayekula. Vivyo hivyo majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Kenya, yaliyotolewa mwaka 2018 na serikali pamoja na shirika la FAO, yana safu za nguvu, protini, madini ya chuma, potasiamu na vinginevyo. Hayana safu ya chema wala kibaya. Waliopima chakula chetu hawakuona haja ya kukihukumu.

Haja yangu kwako, msomaji, ni ndogo. Ukienda kliniki na mgonjwa wako wa sukari, taja asali, taja juisi, taja ndizi, hata kama hujaulizwa, na usimpunguzie ugali bila kumwambia aliyempa dawa. Ukiwa na mgonjwa wa figo Bungoma, Kakamega au popote panapopikwa kwa maji ya majivu, mwambie mhudumu kuhusu munyu. Na kama nyumbani kwenu kuna mtu anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi, weka sukari mahali ambapo hata mtoto ataifikia usiku. Akianza kutokwa jasho, kutetemeka au kuchanganyikiwa, na bado anaweza kumeza, koroga vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari katika nusu glasi ya maji umpe. Ngoja dakika 15, mpime, mrudie kama sukari bado iko chini, kisha mpe chakula. Akiwa hawezi kumeza usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali.